Wajukuu Zangu, Mto Haufuati Saa Yenu

Wajukuu zangu, habari zenu zimenifikia. Nimeambiwa mmekaa mkapanga kushuka Pangani mwisho wa wiki: mtembee kidogo kando ya mto, mpande boti mkaangalie mikoko na mamba, jioni mgeuze kurudi Tanga. Mkamtuma mwenzenu aniambie nisiwe na wasiwasi, ni matembezi mepesi tu. Wasiwasi wangu ukaanzia hapo.

Sisemi msije. Njooni. Pangani ni kwenu, na mto huu ni wenu kama ulivyo wangu. Lakini nisikilizeni kwanza, maana nimekaa ukingoni hapa tangu sijaota ndevu mpaka zimekuwa nyeupe, na nimewaona wanaorudi wakicheka, na nimewaona wanaotafutwa kwa nyavu.

Safari nyepesi ndiyo ninayoiogopa. Mtu anayevuka kwenda Pemba huuliza upepo, hukagua chombo, humuaga mama yake. Mtu anayekwenda kuvinjari mtoni kwa saa mbili haulizi kitu. Huuliza bei, na akipunguziwa huona mambo yote yamekwisha. Aliyeuliza bei peke yake ameuliza nusu ya safari.

Nawaomba, wajukuu zangu, msiipange siku hiyo kwa saa ya simu. Ipangeni kwa mwezi.

Mmekulia mjini na huenda hakuna aliyewafundisha, kwa hiyo nitasema polepole. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku. Toka kujaa mpaka kupwa ni saa sita na dakika chache, na kila siku inayofuata maji huchelewa kama dakika 50. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Siku hizo, pwani yetu hii, maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Mwezi ukiwa nusu, tarehe nane hivi na ishirini na mbili za mwezi mwandamo, ni maji mafu. Yanajaa kidogo, yanapwa kidogo, na saa zinageuka: kujaa kunaangukia saa nne, kupwa kunaangukia saa kumi.

Shikeni hayo tu, mtakuwa mmewapita wengi wanaoshuka hapa na miwani ya jua na spika ya muziki.

Sasa tazameni maana yake. Mto huu, karibu na mdomo wake, hauteremki tu kwenda baharini kama mlivyochorewa shuleni. Bahari ikijaa, inausukuma urudi nyuma. Maji yanapanda, yanaupita mji huku na Bweni ng'ambo kule, yanaipita mikoko, yanaingia mpaka kwenye mashamba ya minazi. Ikianza kupwa, maji ya mto na maji ya bahari yanatoka pamoja kwa mdomo mmoja. Boti inayopanda na maji ya kujaa inabebwa. Ikirudi na maji ya kupwa inabebwa tena. Mashine haichoki, petroli inabaki, nahodha anawasimulia hadithi. Boti iliyokosea saa inapigana kwenda na inapigana kurudi. Na mashine ikizimika wakati maji yanatoka, hampelekwi gatini. Mnapelekwa mdomoni.

Mdomoni hapo, wanangu, ndipo pabaya. Kuna mafungu ya mchanga yasiyokaa mahali pamoja. Msimu huu yako hapa, msimu ujao yamesogea. Maji ya kupwa yakitoka kwa kasi yakakutana na upepo wa kusi unaovuma kuingia, mawimbi husimama wima na kuvunjika. Ukitazama ukiwa juu ya ukuta wa mji, unaona povu jeupe, unapiga picha. Ukiwa ndani ya boti ndogo na watoto wawili wa watu, huna mkono wa kushikia simu.

Kwa hiyo sikilizeni nilivyowachagulia.

Wageni watawaambia mje siku za bamvua, kwa kuwa maji yakipwa ufuo huwa mpana na picha hutoka nzuri. Ni kweli, hutoka nzuri. Lakini mimi nawachagulia maji mafu, hasa kama kuna watoto au shangazi zenu wenye magoti mabovu. Mkondo huwa mpole. Maji yanajaa saa nne asubuhi. Mkiingia botini saa moja na nusu, upepo bado umelala, mto umetulia, mnapanda na maji taratibu. Huko juu msishangae yakichelewa kugeuka. Ndani ya mto maji hukawia kuliko mdomoni. Nahodha atayatazama kwenye mizizi ya mikoko, atawaambia. Yakigeuka, nanyi geuzeni. Saa sita mko kivulini mnakula samaki. Kisha laleni kidogo. Baada ya alasiri, jua limepungua makali na maji yamepwa, ndipo mtembee kwa miguu.

Ikiwa kazi zenu hazikubali ila siku ya bamvua, basi geuzeni mpango wote chini juu. Tembeeni kwanza, asubuhi, maji yakiwa yanapwa. Boti iwe saa nane, mpande na maji ya kujaa, mgeuze baada ya saa kumi. Lakini mchana upepo huwa umeamka, na hapo hamna muda wa kuchezea. Jua letu huzama kwenye saa kumi na mbili na nusu hivi, na giza huingia mara moja. Saa kumi na mbili kamili nataka miguu yenu iwe juu ya gati. Kamili, nimesema. Haraka ya mpanda chombo, mmaliziaji wake ni mvuvi wa usiku.

Na msiniambie, "Babu, kwa nini tusianze tu tukifika?" Mtafika saa tano. Nawajua. Tanga na hapa ni kama kilometa 50 tu, na kwa sababu ni karibu mtachelewa kuondoka. Mmoja hajaamka, mwingine anapiga pasi, mwingine amesahau chaja. Wa mbali huwahi kuliko wa karibu. Ikiwa mnataka boti ya asubuhi, njooni mlale Ijumaa.

Tazameni majira pia. Masika, Machi mpaka Mei, msije kabisa kwa habari ya boti. Huenda siku ikawa kavu hapa, jua linawaka, mkaniona babu yenu muoga. Lakini maji haya hayaanzii hapa. Yanaanzia Kilimanjaro na Meru, yanakusanyika Nyumba ya Mungu, yanateremka njia nzima ya karibu kilometa 500, na karibu na Korogwe yanapokea Luengera kutoka Usambara. Mvua ya huko hutufikia baadaye, ikiwa tope la kahawia na magogo yanayoelea nusu yamezama. Gogo la namna hiyo likiipata propela, propela hukatika. Mkiona mto umebadilika rangi na magugu yanapita makundi makundi, msiulize mtu. Tembeeni nchi kavu, mle, mrudi.

Katikati ya mwaka kusi huvuma kwa nguvu na mdomo huchafuka. Ndani ya mto bado panaweza kuwa shwari asubuhi. Nyakati nzuri kuliko zote ni pale kusi imekwisha na kaskazi haijashika, na tena kaskazi inapokatika kabla ya masika kuanza.

Matembezi yenyewe sasa. Hayo sina ugomvi nayo sana, na ningependa myape muda wake, msiyafanye nyongeza ya boti. Anzieni kivukoni. Simameni mtazame watu wanavyovuka kwenda Bweni na baiskeli, na mbuzi, na magunia. Fuateni barabara ya mbele ya mto. Nyumba kongwe za mawe zipo pale, nyingine zimebaki kuta. Boma lipo. Huu ndio mji uliosimama mwaka 1888 kuikataa bendera ya kampuni ya Wajerumani, na hapa ndipo walipomnyonga Abushiri bin Salim al-Harthi, kiongozi wa upinzani huo, Desemba 1889. Muulizeni mwenyeji awaeleze, mkae kimya, msikilize. Halafu endeleeni mpaka ufuoni, mto unapokutana na bahari, na mlima wa Bweni mnauona ng'ambo.

Mkikutana na wazee, amkieni. Shikamoo haina gharama, na mzee uliyemwamkia ndiye atakayekwambia kuwa njia ya mbele imemegeka. Msipige watu picha bila ruhusa. Vaeni nguo ya heshima. Huu ni mji wa watu wa dini, na jua nalo halina huruma na mabega wazi.

Ukingo wa mto usiuamini. Zamani minazi ilisimama mbali na maji. Sasa maji ya chumvi yanapanda juu kuliko tulivyoyajua, kwa kuwa mto umepungua nguvu, watu wa juu wanatumia maji mengi. Minazi ya kando inakauka vichwa, mizizi inaachia, udongo unaliwa kwa chini. Juu unaona majani mabichi, chini ni tupu. Anayesimama pembeni kabisa apigwe picha, huanguka na ukingo wake. Tembeeni hatua nyingi kutoka kwenye ncha. Na msipumzike chini ya mnazi wenye nazi. Hili ninalazimika kulisema kila mwaka.

Mkipelekwa ndani kwenye mikoko, angalieni matope. Mkoko uitwao mchu una vipumulio vinavyochomoza juu ya tope, vikali, hupasua nyayo. Viatu visivyofungwa kamba hubaki chini mtu akatoka na soksi. Vaeni viatu vya kufunga, vya zamani. Na mashamba yale ni ya watu: pigeni hodi, ombeni njia.

Sasa mamba. Niwieni radhi, hapa nitarudia rudia.

Msiteremke majini. Msinawe miguu. Msinawe mikono. Msioshe vyombo. Msimwache mtoto achezee maji eti ni kina cha kifundo cha mguu. Mamba hahitaji kina. Hukaa chini kimya nusu saa na zaidi, pua tu ikitokeza mara moja moja, akiangalia mahali watu wanapozoea kushukia. Huchagua mazoea. Aliyechota maji hapo jana, na juzi, na leo, ndiye anayemngoja. Jioni ni mbaya zaidi, na usiku msiniambie kitu. Mtawaona watoto wa hapa wakishuka, mtasema mbona wao. Wao pia tunawakataza. Wengine tuliwakataza na hawakusikia, na kaburi la mtoto aliyechukuliwa na mto wakati mwingine halina kitu ndani.

Hata pasipo na mamba, huko juu maji yasipokuwa na chumvi na yametulia kuna kichocho. Hamtasikia kitu siku hiyo. Mtakojoa damu baadaye, mkiwa mmeshasahau safari. Dawa ipo hospitali, lakini kwa nini?

Haya, tuingie botini.

Mkifika gatini vijana watawazunguka, kila mmoja na boti yake na bei yake. Msimkimbilie wa rahisi, wala msidhani wa ghali ndiye bora. Mtazameni mtu kabla ya chombo. Je, anatafuna kitu? Ananuka kitu? Muulizeni: leo maji yanajaa saa ngapi? Akijibu papo hapo bila kutazama simu, mkae naye. Akisema "wakati wowote tu, bosi, hakuna shida," mshukuruni, muondoke. Muulizeni cheti cha chombo. TASAC, shirika la uwakala wa meli la serikali, hukagua vyombo hivi na kusema vibebe watu wangapi. Idadi hiyo ihesabuni pamoja na mtoto anayebebwa, pamoja na nahodha, pamoja na ile ndoo yenu ya vinywaji.

Tazameni ndani. Kuna upo wa kukumbia maji? Kuna kafi au pondo, mashine ikifa? Kuna nanga na kamba? Maji ya ngama, yale yaliyotuama ndani ya chombo, yako kiasi gani kabla hata hamjapanda? Chombo kinachovuja kikiwa gatini hakitaacha kuvuja kwa kuwa mmelipa.

Halafu jaketi okozi. Hapa, wanangu, ndipo ninapotaka mnisikie kuliko penginepo pote.

Wengi watawaonyesha majaketi yamerundikwa chini ya viti, yamefungwa kamba, yanatumika kukalia. Yafungueni. Tandazeni moja moja. Sponji yake ikiwa imevunjika vipande vipande ndani, ukilibonyeza linasikika kama makombo, liacheni. Mikanda ipo yote? Kikufuli kinafunga, au wamekitoa wakatia uzi wa nailoni? Kila mtu avae lake, afunge kila mkanda, kisha mwenzake asimame nyuma amvute kwa juu, mabegani. Likipanda mpaka masikioni, ni kubwa. Majini litamtoka, yeye aende chini na lenyewe lielee. La mtoto lazima liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu, na kola ya kumshikia kichwa. Mtoto kuvalishwa la mtu mzima ni kuwadanganya wazazi wake.

Na mlivae. Lisibaki mkononi wala begani, wala lisiwe tayari-tayari. Jaketi lililo chini ya kiti halijaokoa mtu. Boti ikipinduka hakuna anayepewa dakika ya kutafuta lake. Na mtu anayezama hapigi kelele kama kwenye sinema. Mdomo wake umejaa maji. Anakuwa pembeni yenu, kimya, na mnadhani anaogelea.

Mtaniambia mtoni ng'ambo inaonekana, mtu ataogelea. Mnakumbuka MV Nyerere? Tarehe 20 Septemba 2018, Ziwa Victoria, kilikuwa kinaelekea kisiwa cha Ukara. Kivuko cha kubeba abiria 101, kikabeba zaidi ya mara mbili ya hapo. Walikufa zaidi ya watu 200, na kilipinduka kimeshakaribia gati, nchi kavu wanaiona. Kuona nchi si kufika.

Mkishaingia, kaeni chini, mjigawe sawa, wengine mbele kuelekea omo, wengine nyuma kuelekea tezi, wanene wasikae upande mmoja. Hapo sina tusi, nina hesabu. Na sasa nawaambia kitakachotokea, kwa kuwa hutokea kila mara. Mtakuwa mmepanda kiasi, kimya, mdiria anapita karibu na maji, furukombe yuko juu ya mti mkavu. Nahodha atapunguza mashine na kuonyesha kwa kidole. Kwenye tope, chini ya mkoko wa mlilana, kuna mamba ameanika mgongo. Mmoja atasema, "Yuko wapi?" Wa pili atasimama. Wa tatu atasimama nyuma yake na simu juu. Kufumba na kufumbua watu saba wako upande ule ule wa mamba, ubavu wa boti umelala, maji yanaramba ukingo, na nahodha anapiga ukelele, "Kaeni! Kaeni jamani!" Na mamba amekwisha kuteleza ndani.

Kubalianeni kabla. Hakuna anayesimama. Aliye upande wa mamba apige picha, awagawie wenzake baadaye. Picha moja inawatosha ukoo mzima.

Nguo nazo. Akina dada, kanga na baibui zinapendeza, lakini majini hunywa maji na kujifunga miguuni. Vaeni suruali nyepesi ndani, na juu kanga ifungwe fupi. Akina kaka, mabuti mazito yaacheni nyumbani. Funguo na simu ziwekeni kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko wa kubana. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na kwa kweli mikoko yetu imepumua. Maji ya kunywa mengi, mkate, tende, kofia. Pombe hapana. Sitaki kusikia hata ya mmoja kwa ajili ya baridi. Pangani hakuna baridi.

Kabla hamjasukumwa kutoka gatini, acheni neno kwa mtu anayebaki: ni wangapi, mnakwenda wapi, mnarudi saa ngapi. Saa hiyo ikipita, asikawie kwa kuona aibu. 114 ni zimamoto na uokoaji, 112 ni polisi. Lakini wavuvi wa gatini watafika kabla ya gari lolote, kwa hiyo waamkieni mapema, wawajue sura zenu.

Nimebakiza jambo gumu, na hili ndilo huvunja watu wazima wenye elimu zao. Kurudi nyuma.

Mtakuwa mmelipa. Mtakuwa mmetoka mbali. Yupo mmoja ambaye amechukua likizo kwa ajili ya siku hii, na mwingine ambaye amewaahidi watoto. Nahodha atatazama mbele, atatazama mawingu juu ya Bweni, atanyamaza kidogo. Kisha atasema, "Leo pana upepo." Nawasihi, msimbembeleze. Msimuongeze hela. Msimwambie kwamba jana wenzake walikwenda. Nahodha anayebembelezwa akakubali si nahodha tena, ni abiria aliyeshika usukani. Maneno yake ya kwanza ndiyo ya kweli. Ya pili ni ya mfuko wake, na watoto wake wanataka kula kama wenu.

Ndiyo sababu nasema matembezi na boti visifungwe kamba moja. Boti ikikataa, miguu ipo. Mji upo, Boma lipo, ufuo upo, samaki wa kukaanga yupo. Pangeni siku ambayo bado ni nzuri hata boti ikibaki gatini. Atakayenuna, aje anunie barazani kwangu, nitampa kahawa. Mnuno hupita. Nimezika waliokuwa na haraka, na sijawahi kumzika aliyenuna.

Na mkiwa mmefurahi sana mtoni, atatokea mjuaji aseme, "Twendeni Maziwe basi, si karibu tu?" Hapana. Maziwe ni baharini, nje kabisa ya mdomo ule niliowaambia. Zamani kilikuwa kisiwa cha miti. Sasa ni fungu la mchanga tupu, maji yakijaa linafunikwa lote. Huendewa siku ya bamvua, asubuhi mapema, kwa boti ya bahari, na nahodha wa bahari, na mnarudi kabla mchanga haujaondoka chini yenu. Ni hifadhi pia, kuna ada yake na taratibu zake. Ipangieni siku yake, mniulize tena. Msiitie mkiani mwa safari ya mto. Safari mbili katika siku moja, moja hubaki njiani.

Ninajua mtacheka mkisoma. Chekeni. Nami nilicheka wazee wangu waliponihesabia siku za mwezi kwa vidole, na bado nahesabu kwa vidole vile vile. Lakini mkimaliza kucheka, chukueni kalenda. Tafuteni mwezi umeandama lini, hesabuni siku nane, mnipigie mniambie ni tarehe gani mmeipata. Nitawatafutia mtu wa boti ninayemjua, asiyekunywa, mwenye majaketi ya kweli. Ya watu wazima anayo ya kutosha. Ya watoto hana, na hapa mjini si rahisi kupata. Kwa hiyo atakayekuja na mtoto, aje na jaketi la saizi ya mtoto kutoka Tanga, awe amelijaribu nyumbani.